Uzi wa Kijani

Juzi nilikwenda Chimwaga kumwona mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa likizo ya ugonjwa. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, mwanawe akaja na mtoto wa mbwa akaniwekea mapajani, kama mgeni anavyopewa soda. Mbwa mwenyewe sikumtazama. Kilichonifikia kwanza ni harufu ya mdomo wake. Mtoto wa mbwa ambaye bado ananyonya ana harufu yake, maziwa yaliyoanza kuchacha pamoja na kitu kinachofanana na karanga mbichi zilizotoka kumenywa sasa hivi. Nilisimama ghafla nusura nimwangushe. Mwenzangu akacheka, akaniuliza kama naogopa mbwa. Nikamwambia hapana, mbwa nimekua nao.

Nimekua nao kweli. Mama yangu alikuwa mkunga katika zahanati moja ya Dodoma, na nyumbani kwetu Miyuji alifuga Labrador jike wa rangi ya chai ya maziwa. Jina lake lilikuwa Sista. Mama alimpa jina hilo kwa sababu, alisema, mbwa yule alikuwa na macho ya nesi wa zamu ya usiku, amechoka lakini anakusikiliza. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu, Mama, Sista na mimi. Mtaani kwetu mbwa alikuwa wa kufungwa mnyororo mchana na kutupiwa ukoko wa ugali jioni. Sista alilala kwenye jamvi barazani na kumtingishia mkia kila mpita njia, hata wale ambao mbwa wengine wangewararua. Majirani, ambao Mama walimwita Nesi, walisema ameleta mdoli.

Alipoamua Sista azae, watu walidhani ni suala la kutafuta dume tu. Lilimchukua mwaka mzima. Kwanza alisubiri Sista atimize miaka miwili na ushee, akapigwe picha ya mifupa ya nyonga. Kisha akaanza kukataa madume. Alikataa la mkulima mmoja wa zabibu wa Hombolo kwa kuwa lilikuwa linayumba miguu ya nyuma. Alikataa jingine zuri ajabu, lenye kifua kama mlango, kwa sababu lilitoka tumbo moja na Sista. Mwenye dume akashangaa, akamuuliza mbwa wanajuaje undugu. "Mbwa hawajui," Mama akamwambia. "Ninayejua ni mimi." Dume la tatu lilitoka Iringa, na hilo Mama alilikagua meno, macho na nyonga kabla hajamruhusu mwenye dume kunywa chai.

Walizaliwa saba. Mama aligeuza stoo kuwa wodi. Alifua mablanketi, akasugua sakafu kwa dawa, akaandika kadi saba za kliniki zilezile za watoto wa chini ya miaka mitano, akikata sehemu ya jina la baba. Tatizo lilikuwa moja, wote walikuwa wa rangi moja. Ukiwamwaga sakafuni ni sawa na kumwaga mihogo. Basi Mama akafuma kamba za sufu, upana wa kidole, rangi saba, akamfunga kila mmoja shingoni na kila wiki akizilegeza. Toka siku hiyo walikuwa wa kijani, wa zambarau, wa nyekundu na wengine. Majina yalikatazwa kabisa. "Ukimpa jina utampendelea," aliniambia. "Na ukimpendelea mmoja, sita wameonewa. Wodini hatufanyi hivyo."

Nilikuwa na miaka tisa, na kazi yangu ilikuwa kusoma mizani. Kila asubuhi, nimeshavaa sare ya shule, Mama alimweka mmoja mmoja kwenye mizani ya mezani, mimi nasoma kwa sauti, yeye anaandika kwenye kadi. Nilijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Sikuwahi kukosea hata gramu kumi. Mama alikuwa na msemo wake wa kliniki, kwamba mtoto mzima hapungui. Akipungua, tafuta sababu kabla hujatafuta dawa. Niliujua kwa moyo kama nilivyoijua sala ya Baba Yetu.

Nilivunja ile sheria ya majina wiki ya pili. Wa kijani alikuwa jike mdogo, mpole, anayekuja kunusa vidole vyangu wakati wenzake wanagombania ziwa. Alikuwa na harufu ile niliyoisema. Nikamwita Karanga, kimoyomoyo, na nikikaa naye peke yangu nilimwita kwa sauti. Alikuwa anajibu. Najua watu wazima watasema mtoto wa mbwa wa wiki nne hajibu jina. Huyu alijibu.

Walipofikisha wiki sita, siku ya Jumamosi, alikuja daktari wa mifugo kuwapima kabla wanunuzi hawajaja kuchukua. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezoea zaidi ng'ombe, na alipofika getini alimsalimu Mama kwa Kigogo, "Mbukwa, Nesi," wakacheka kidogo. Akaketi kwenye kigoda, akaweka vipokea sauti vya kusikilizia moyo masikioni, akaanza. Wa nyekundu, mzima. Wa njano, mzima. Wa zambarau, mzima kabisa, alisema, huyu atasumbua watu kwa mbio. Akamchukua wa kijani. Akasikiliza. Akahamisha kile chombo upande wa pili, akasikiliza tena, kisha akampa Mama naye asikilize. Mama alisikiliza kwa muda mrefu akiwa amefumba macho, jinsi anavyosikiliza tumbo la mama mjamzito.

"Mlango wa moyo ni mwembamba," daktari alisema. "Damu inapita kwa shida. Ndiyo maana unasikia ule mluzi."

"Hakuna dawa?"

"Hapa hakuna. Kwingine wanapasua, lakini kwa mluzi mkubwa hivi sidhani. Ataishi miezi mitatu, minne. Mwanzoni utamwona mzima. Baadaye ataanguka akicheza, atajaa maji tumboni, na hatapata pumzi ya kulalia. Sio kifo kizuri, Nesi."

Mama alinitazama mimi, kisha akamtazama yule mbwa. "Basi asifike huko," alisema. "Sindano ya mwisho unayo?"

Hakuwa nayo kwenye begi. Wakakubaliana Jumatano. Hawakunificha, wala hawakutumia maneno ya kupakapaka. Nyumba yetu haikuwa na desturi hiyo. Daktari alipoondoka nilimuuliza Mama kwa nini Karanga asiachwe tu, hata hiyo miezi mitatu. Sikusema Karanga, nilisema wa kijani. Mama akaniweka chini barazani. Alisema kumwacha mnyama ateseke wakati unajua mwisho wake ni kujipendelea. Unamwacha kwa ajili yako, si kwa ajili yake. Alisema mtu anayezalisha mbwa anabeba wote, wale wa kuuza na yule wa kuzika. Alisema vizuri sana. Sikumbuki kuhutubiwa vizuri namna ile tena maishani.

Sikulia. Nilianza kufikiri, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Watu hupenda kusema mtoto hana hesabu. Mimi nilikuwa nayo. Jumapili, Jumatatu na Jumanne nilisoma mizani kwa sauti kama kawaida, na kichwani nikawa natafuta nani analingana na Karanga. Wa nyekundu alikuwa mnene mno. Wa bluu alikuwa dume. Wa zambarau alikuwa jike, na gramu themanini tu ndizo zilizowatenganisha. Hakuwa amenikosea kitu wa zambarau. Hakuwa mkorofi, hakuniuma hata siku moja, hakumsukuma Karanga kwenye ziwa. Nilimchagua kwa sababu ya uzito wake. Nilimchagua kwa mizani ya Mama.

Jumatano mchana niliporudi shule Mama alikuwa ananisubiri amevaa gauni la kazi. Zahanati ilikuwa imempigia, kuna mzazi mtoto amekaa vibaya. Alikuwa na haraka lakini bado aliinama kunitazama usoni.

"Daktari atakuja saa tisa," alisema. "Nimeshaongea naye. Ni wa kijani. Si lazima uwepo, unaweza kwenda kwa jirani. Utaweza?"

"Nitaweza, Mama."

"Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Akanishika kichwa, akaondoka mbio. Nilifunga geti, nikaingia stoo. Fundo la Mama lilikuwa fundo la kitovu, analofungia vitovu vya watoto, na alishanifundisha. Nilifungua uzi wa kijani, nikafungua wa zambarau. Wote wawili walidhani ni mchezo, wakawa wananilamba mikono. Nikafunga upya, fundo zuri, limekaza lakini kidole kinapita. Kisha nikakaa barazani kusubiri, nimeweka mikono magotini kama mtoto wa mfano.

Daktari alikuja akiwa na haraka naye, nguo zimejaa vumbi, ametoka kwa ng'ombe wa mtu na anakwenda kwa ng'ombe wa mtu mwingine. Nadhani kazi ile hakuipenda na alitaka iishe. Nikamwamkia, shikamoo daktari. Marahaba, mwanangu, hujambo. Akaniuliza mama yupo wapi, nikamweleza. Akaniambia nimwonyeshe tu, atamchukua mwenyewe. Nikasema hapana, nitamleta mimi. Nikaingia stoo, nikamtoa yule mwenye uzi wa kijani, nimembeba kifuani, moyo wake unapiga kwenye mkono wangu, vizuri kabisa.

"Huyu ndiye?" daktari akauliza.

"Ndiye."

Aliutazama uzi. Hakumtazama mbwa. Vipokea sauti vilikuwa shingoni mwake, vinaning'inia hapo, na hakuvigusa. Katika nyumba nyingine yoyote angesema yule mwenye doa, yule mwenye jina fulani, na mtu angejua. Kwetu tulikuwa tumejifunza kutazama uzi. Alinigeuza bega niangalie ukutani. Ilikuwa haraka kuliko nilivyodhani. Akamfunga kwenye taulo, akachimba mwenyewe nyuma ya nyumba karibu na uzio wa minyaa, akanawa mikono, akaniambia mimi ni mtoto jasiri. Nilimshukuru.

Mama aliporudi jioni alinikuta nimeketi na Sista. Alinikumbatia, akaniuliza kama ilikuwa vibaya. Nikasema hapana. Alipika wali siku ile, ingawa ilikuwa katikati ya wiki.

Asubuhi tulipima. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa hiki, kwamba ningeweza kudanganya namba. Naapa halikunijia akilini. Mizani ilikuwa heshima yangu. Mama akamweka mwenye uzi wa zambarau, nami nikasoma kwa sauti yangu ya kila siku, "Kilo tatu, mia tatu na ishirini."

Kalamu ya Mama ilisimama. "Soma tena."

Nikasoma tena. Jana yake wa zambarau alikuwa na kilo tatu, mia tatu na tisini. Mama aliitazama kadi. Akamtazama mbwa. Akanitazama mimi, na mimi nikatazama mizani. Kisha akaandika namba ile, taratibu, akasema, "Haya. Mwingine." Nilitoka kwenda shule nikiwa mwepesi kama nimetua mzigo. Nilidhani imepita. Hata nilimhurumia kidogo Mama yangu, kwamba pamoja na kadi zake zote nimempiga chenga.

Wanunuzi walianza kuja wiki ya nane. Mama aliwahoji utadhani wanaoa. Una uzio? Nani anabaki nyumbani mchana? Utamfunga mnyororo? Ukishindwa, utamleta hapa, hutampa mtu, umesikia? Mmoja alirudishwa mikono mitupu kwa kujibu kwamba mbwa ni mbwa. Wa zambarau alikuwa amechaguliwa na mwalimu mmoja wa chuo, na nilikuwa nakosa usingizi nikifikiria namna ya kumficha siku hiyo. Haikuhitajika. Mama alimpigia simu mbele yangu akamwambia kwamba wa zambarau hauzwi tena. Akakata simu, akanigeukia.

"Huyu ni wako," alisema. "Mlee."

Nilirukaruka mpaka nikajigonga kwenye kabati. Niliamini ni zawadi ya ule ujasiri wa Jumatano. Mama akaniuliza nitampa jina gani. Nikasema Karanga. "Umelifikiria lini?" akauliza. Nikasema sasa hivi. Akatikisa kichwa polepole, akaenda jikoni.

Nataka kuwa mkweli, mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri. Karanga alinifuata kila mahali. Alinisubiri getini nikitoka shule, alilala juu ya miguu yangu nikifanya hesabu. Nilianza kuamini kwamba daktari alikosea, kwamba nimemwokoa mzima kabisa. Yule mwingine sikumfikiria. Nyuma ya nyumba sikwenda.

Mwezi wa pili alianguka. Tulikuwa tunakimbizana na ndoo bombani, akasimama ghafla, akakunja miguu, akalala kiubavu ulimi nje, na ulimi ulikuwa umeiva rangi ya wingu la mvua. Nilipiga kelele. Mama alitoka, akapiga magoti, akamsugua kifua mpaka akazinduka. Karanga akainuka akiwa na haya, akatingisha mkia.

"Mama, tumwite daktari."

"Wa nini?"

"Anaumwa."

"Daktari aliwapima wote," Mama alisema, sauti imetulia kabisa. "Wa zambarau alisema mzima, atasumbua watu kwa mbio. Au wewe unajua kitu ambacho daktari hakijui?"

"Hapana, Mama."

Alikaa pale amepiga magoti kwa kitambo, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Kisha akainuka.

Toka siku ile, kila jioni tulipokaa kula, ugali na mlenda katikati, alikuwa ananiuliza, "Leo huna la kuniambia?" Nami nilijibu, "Sina." Nilidhani anauliza habari za shule. Baadaye nikaanza kudhani anashuku kidogo tu, na nikikaa imara atasahau. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nikisema, Karanga atachomwa sindano kesho. Nisiposema, yupo. Haikunijia kwamba ningeweza kumpoteza huku yupo.

Upepo wa Julai ulipoanza, ule mkavu unaojaza mchanga mpaka kwenye chumvi, alianza kukohoa. Tumbo lake likavimba, huku mgongo unaonyesha mifupa. Chakula alikipenda lakini alikula akipumzika, vijiko viwili, anahema, vijiko viwili. Usingizi wa kulala ulimwisha. Alikaa ameegemea ukuta, amepanua viwiko, kichwa kinaanguka na kuinuka. Siku moja nilitoka shule mapema nikamkuta Mama stoo, amepiga magoti, ameweka ile pembe yake ya mbao ya kusikilizia mapigo ya watoto tumboni kwenye mbavu za Karanga, sikio juu yake. Aliponiona aliinuka haraka, akafuta macho kwa upindo wa kanga. Nikadhani ni vumbi.

"Huna la kuniambia?" akauliza. Ilikuwa saa saba mchana. Hakuwahi kuuliza mchana.

Niliona jinsi sauti yake ilivyokuwa. Ilikuwa inaniomba. Nilijua wakati ule kwamba kitu fulani kiko wazi na ninaweza kuingia.

"Sina," nilisema.

Ilikwenda wiki mbili zaidi.

Jumapili moja tulirudi kanisani. Karanga alikuwa hajaja getini kwa siku nyingi, lakini siku ile, sijui kwa nini, aliamua kuja. Alitoka barazani akijikokota, tumbo linaburuta, anasimama, anahema, anajikokota. Sista alikuwa pembeni yake anamtazama. Alipofika katikati ya uwanja alijikojolea, akaketi kwenye mkojo wake, na bado mkia ulikuwa unapiga chini, kwa ajili yangu. Nilikuwa nimevaa gauni jeupe. Nikakaa naye pale pale kwenye mkojo na vumbi.

"Mama," nilisema, "huyu si wa zambarau."

Mama alikuwa nyuma yangu, Biblia bado iko kwapani. "Ni nani?"

"Wa kijani. Nilibadilisha nyuzi. Wa zambarau ndiye aliyechomwa."

"Nani alimpeleka?"

"Mimi."

"Sema yote."

"Nilimbeba mwenyewe nikampa daktari. Nilijua ni mzima. Nilijua, Mama."

Nilingoja kofi. Nililitaka. Mama akatoa simu kwenye mkoba, akapiga, na hakusalimia. "Daktari," alisema, "njoo. Amesema."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba daktari naye alikuwa anajua. Watu wazima wawili walikuwa wanajua tangu ile asubuhi ya mizani, na kila siku waliyokutana sokoni au zahanati mmoja alimuuliza mwenzake kama tayari, na mwenzake akajibu bado. Daktari alifika kabla sijabadilisha gauni. Hakunitazama machoni. Mama akasema, "Mlete wewe, kama ulivyomleta yule." Nikambeba. Alikuwa mzito kwa maji na mwepesi kwa nyama. Alipomwona daktari alimtingishia mkia naye pia, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Sista. Safari hii hakuna aliyenigeuza bega kutazama ukuta. Nilishika kichwa chake mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nikamwona analala kiubavu.

Mama alinipa jembe, akanionyesha mahali karibu na minyaa. "Hapo yupo mwenzake," alisema. "Chimba pembeni." Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, naye alisimama hapo muda wote bila kunisaidia na bila kuondoka.

Mwezi uliofuata alimpeleka Sista akafungwe kizazi. Watu walipiga simu kwa miaka, habari za watoto wale sita zilikuwa zimeenea, wazima, wapole, hawana tatizo la nyonga. Sita, ndivyo watu walivyoamini. Mama aliwajibu kwamba hapa hatuzalishi tena. Nilimuuliza mara moja kwa nini, akasema kuzalisha mbwa kunataka nyumba ambayo watu wake wanaambiana. Niliona ananisema mimi. Ilinichukua muda mrefu sana kusikia kwamba alisema watu wake, si mtoto wake.

Mwaka jana nilikwenda Miyuji nikamkuta anamwagilia matembele. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini mkono bado haumwagi maji ovyo. Nikamuuliza, bila kuzunguka. Nilisema, "Mama, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kumwacha ateseke ni kujipendelea. Ulimwachaje miezi yote ile?"

Aliendelea kumwagilia mpaka mwisho wa tuta.

"Nilidhani utasema kesho yake," alisema. "Halafu nikadhani kesho kutwa. Kila siku iliyopita ikafanya iwe vigumu zaidi kuacha kungoja siku iliyofuata. Ningemwita daktari, ningekuwa nimemtesa bure siku zote zilizotangulia."

"Na mimi nilidhani utamwita kesho yake."

"Basi tulikuwa wakaidi wawili."

"Na mbwa mmoja, Mama."

"Wawili," akanisahihisha. "Usimsahau yule mzima." Akahamia tuta jingine. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba, na tulikunywa chai vizuri tu.

Ofisini kwangu ninajulikana kwa kusema ukweli. Likitokea kosa langu nalitaja kabla halijagunduliwa, hata pale ambapo kunyamaza kungenifaa, na mabosi wamenisifu kwa hilo mbele za watu. Vijana wanaoanza kazi huniuliza nililelewaje. Nawaambia mama yangu hakuwa na mzaha na uongo. Wanasema nina bahati, nimfikishie salamu, na mimi huzifikisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza ada ya somo lile alilipa nani.